Mwaka Tuliomla Mbuzi wa Maleo

Sili tena nyama ya mbuzi. Kwetu Kwa Vonza mtu mzima akikataa nyama ya mbuzi huulizwa kama daktari amemkataza au kama amehamia dini ngeni. Mimi husema ni tumbo. Watu huridhika na jibu hilo, kwa kuwa kila mtu ana tumbo lake na hakuna anayetaka kuelezwa mengi kuhusu la mwenzake. Ukweli ni kwamba mwaka huo mmoja ulinipokonya mke, ukaninyamazisha nyumbani kwangu mwenyewe, na yote hayo yakakamilika kwenye sahani ya nyama ambayo niliila kwa furaha, tena nikaomba kuongezwa.

Ni lazima nieleze kwanza, kwa ajili ya msomaji asiye wa kwetu. Sisi Wakamba tunaweza kwenda kanisani tukavaa suti, tukakata keki na kupigwa picha, lakini ndoa yenyewe hufungwa na mbuzi. Wanaitwa mbuzi wa ntheo. Niliwapeleka mwenyewe Mbumbuni, kwao mke wangu, nikiwa na baba yangu ambaye alikuwa hai wakati huo na baba mdogo, na siku hiyo tuliimbiwa tangu tulipoingia kwenye kichochoro cha boma lao. Kufungua ndoa pia ni kwa mbuzi. Mmoja tu. Hutoka kwao mwanamke, akiletwa na kaka yake au mjomba wake, naye huitwa mbuzi wa maleo, maana yake mbuzi wa kukataa. Wanaomleta hawaketi, hawali, hawanywi hata maji. Wanasema neno lao na kusimama. Watu wa mume wakimfungua yule mbuzi na kuwarudishia kamba, basi wamekubali: mbuzi ni wao na mwanamke si wao tena. Wasipotaka, hawaigusi kamba. Wanasema, rudini na mnyama wenu, tutakuja tuongee. Baba alinieleza haya tukiwa njiani kutoka Mbumbuni, akicheka, kwa sababu hakuwa na wazo kwamba ningehitaji kuyajua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko sokoni, nyuma ya duka la mbegu: milango, madirisha, mageti, mara moja moja kitoroli cha kubebea mitungi ya maji. Mke wangu alinipata nikiwa na karakana hiyo na akaniacha nikiwa nayo. Tuliishi kwenye boma la wazazi wangu, nyumba yetu ikitazamana na ya mama, na baba alipofariki mama alianza kutumia sebule yetu kama yake kwa sababu ilikuwa na saruji nzuri na viti vingi. Sikuona ubaya. Mama ni mama.

Mtoto hatukujaliwa. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu wengine wamelisema kwa urefu sana. Mama yangu ni mama wa kanisa, na katika ushirika wa akina mama yeye ndiye mtunza hazina, cheo anachokivaa hata akienda kuteka maji. Ikaamuliwa, sijui ni kikao gani kiliamua, kwamba kila Alhamisi alasiri ushirika utakutana sebuleni kwetu kumwombea mke wangu apate mimba. Mke wangu hakuulizwa. Aliambiwa achemshe chai.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga viti. Nilikuwa nafunga karakana mapema siku hiyo, natoa meza, napanga viti na mabenchi kuzunguka ukuta na kuacha nafasi katikati. Nafasi hiyo ilikuwa yake. Alikuwa anapigishwa magoti hapo, akina mama wanamwekea mikono tumboni na mgongoni, na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti inayofika barabarani, anaanza: "Fungua, Bwana! Fungua!" Majirani wote walijua habari za mwili wa mke wangu kuliko nilivyozijua mimi. Walijua mwezi gani amechelewa na mwezi gani amekata tamaa, kwa sababu mama alikuwa anayatoa hayo kama maombi. Wale akina mama hawakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba siwezi hata kuwachukia sawasawa.

Kwa kuwa hakuwa na mtoto, hakuwa na jina la kuitwa. Wenzake walikuwa mama fulani na mama fulani. Yeye aliitwa mwiitu, yaani msichana, na alikuwa ameolewa miaka mingi.

Jioni moja ya Alhamisi nilimkuta nyuma ya nyumba akisugua sufuria ya chai kwa mchanga. Sufuria ilikuwa imeshang'aa, lakini alikuwa anaendelea kusugua.

"Waambie waache," alisema.

"Akina nani?"

"Usijifanye. Waambie waache kunishikashika. Ni mama yako, mimi siwezi kumwambia."

"Nitaongea na yeye."

"Lini?"

"Tutaona."

Akaacha kusugua, akanitazama. "Wewe huwa unasema tu tutaona. Tutaona nini? Mimi nishaona."

Nilimwogopa mama, na bado namwogopa, mimi mwanaume ninayeinua geti la chuma peke yangu. Si kwamba ananipiga au ananitukana. Ananyamaza tu, kisha anaimba wimbo wa kanisani taratibu akizunguka boma, na wimbo huo unaweza kudumu wiki nzima. Nilijiambia nitasubiri wakati mzuri. Nilisubiri msimu wa kupanda, nikasubiri palizi, nikasubiri tuvune ndengu kwanza.

Ndengu tulizovuna Januari zilikuwa za kutia aibu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwanzoni, ikatudanganya, ikakatika wakati wa maua. Mke wangu alipura yote peke yake, akapepeta, akaweka mbegu kando kama kawaida. Kesho yake, siku ya Jumatano, nilirudi kutoka sokoni nikaona nguo zimeanikwa. Alikuwa amefua kila kitu: ovaroli yangu, mashati yangu, leso za mama, hata mapazia. Nilisimama nikitazama nguo zile zikipigwa na upepo, na ilinichukua muda kuelewa kilichonisumbua. Hapakuwa na hata nguo moja ya kwake.

Mama hakulia wala hakuuliza. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na wageni walipofika akawaambia kwamba mwiitu amekwenda Mbumbuni kumuuguza mama yake aliyezidiwa ghafla. Mama mkwe wangu alikuwa mzima kabisa. Akina mama walifumba macho na kumwombea mgonjwa, na mimi nilikuwa mlangoni nikiwa nimeshika benchi la mwisho, nikasema amina. Wiki zilizofuata mama aliutunza ugonjwa ule vizuri: mara miguu imevimba, mara ameanza kula uji, mara amerudi nyuma tena. Nafikiri ilifika mahali akaamini mwenyewe, maana siku moja aliniuliza kama sukari ya yule mgonjwa imeshuka.

Mwanzoni mke wangu alikuwa anapokea simu zangu. Sauti yake haikuwa na hasira. Alikuwa anauliza swali moja.

"Umeongea na mama?"

"Bado kidogo."

"Sawa."

Na simu inakatika. Kufikia wakati wa Pasaka alikuwa hapokei tena. Baba mdogo, ambaye boma lake liko chini yetu upande wa bonde, alinijia karakanani akaketi juu ya mtungi wa gesi uliokwisha. Alisema twende Mbumbuni, yeye na mimi na mzee mwingine mmoja, tukaketi na wenzetu kabla hawajaanza kufikiria mambo mengine. Hakulitaja jina la mambo hayo. Nilijua anamaanisha mbuzi. Nikamwambia twende baada ya kumaliza mageti ya shule. Nilipomaliza mageti transfoma ya sokoni ikaungua, na tukakaa kwa muda mrefu bila stima. Nilishinda pale karakanani nikiwa na vyuma baridi na mashine isiyotoa cheche, nikisema kwamba siwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Stima iliporudi nilisema nina kazi nyingi zilizolala. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Ningeweza kuzileta zote mahakamani na nikashinda kesi.

Lakini nisidanganye kwamba nilikuwa nimetulia. Mwaka huo nilijifunza kusikia mbuzi. Boma letu liko kando ya njia inayopandisha kutoka barabarani, na mbuzi wa watu wanapita hapo kila siku kwenda mtoni na kurudi. Kila nilipomsikia mmoja akilia peke yake, si kundi, mmoja, moyo ulikuwa unanishuka mpaka nimwone mwenyewe na aliyemshika. Nilikuwa nahesabu kutokuja kwa mbuzi kama tumaini. Leo hajaja, basi bado ni mke wangu. Niliomba hivyo pia, kimyakimya, wakati akina mama walipokuwa wakiomba kwa sauti: Bwana, yule mbuzi asije. Sikuomba mke arudi. Naona sasa kwamba niliomba kitu kidogo sana.

Mbuzi alikuja mwezi wa Agosti, Alhamisi, nilipokuwa sokoni.

Siku hiyo upepo ulikuwa wa vumbi na ubaridi, ule wa Agosti kwetu, na stima ilipotea saa kumi, nikiwa katikati ya mlango wa haraka ulionizuia kwenda kupanga viti. Nikafunga. Nilipokaribia nyumbani nilisikia harufu ya nyama ikichomwa, jambo ambalo halikuwa limetokea bomani mwetu tangu Krismasi. Uani moto ulikuwa unawaka, kijana wa jirani aliyekodiwa kuchinja alikuwa akinawa mikono, na akina mama wa ushirika walikuwa wametapakaa kutoka sebuleni mpaka kwenye kivuli cha tangi la maji, kila mmoja na sahani. Ngozi ilikuwa imetandazwa juu ya ua, ya kahawia yenye doa jeupe.

"Kumetokea nini?" nilimuuliza mama.

Mama alikuwa na uso wenye mng'ao ambao sikuuelewa. Alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wakwe zetu wametukumbuka! Shemeji yako amekuja na mjomba wao, wameleta mbuzi ya shukrani. Mama ya mwiitu amepona!"

"Haleluya!" akasema mwenyekiti, na mdomo umejaa.

Nitasema nilivyohisi, kwa sababu nimeshatoka kwenye umri wa kujificha. Nilifurahi. Nikaketi kwenye msingi wa tangi. Nilijua vizuri kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa kutungwa, lakini sikutaka kujua. Nilichosikia ni kwamba watu wa Mbumbuni wametuletea mbuzi kwa wema. Kwa akili yangu ya wakati ule, mtu hakuletei zawadi kama hana mpango wa kurudisha binti. Niliona mke wangu akishuka barabarani na mfuko wake. Nilijiapia kwamba akifika, siku hiyo hiyo, nitamwambia mama habari za Alhamisi zifike mwisho. Nilikula. Mama mwenyewe alinichagulia mbavu na kipande cha ini, akasimama karibu yangu nikitafuna, na nilipomaliza nikamnyooshea sahani tena. Mmoja wa akina mama alisema hajawahi kuniona nikicheka namna hiyo.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, wageni wakaondoka na vifurushi vyao na baba mdogo akapanda kutoka bondeni, maana harufu ilikuwa imemfikia. Mama akamletea sahani. Aliketi, akachukua kipande, akauliza kama mtu anayetaka tu kuongea.

"Mbuzi imetoka wapi?"

Nikamweleza, nikiwa bado na kicheko changu. Akapeleka kipande mdomoni, halafu akakishusha.

"Walikula?"

"Nani?" mama akauliza.

"Hao wa Mbumbuni. Walikula?"

"Walikuwa na haraka," mama akasema.

"Hata chai?"

"Nimesema walikuwa na haraka."

"Maji je, mwaitu? Maji walikunywa?"

Mwaitu ni neno la heshima, ndilo tunalowaitia mama zetu, na baba mdogo alikuwa anamwita mama hivyo kila siku. Siku hiyo alilisema polepole sana. Mama alianza kuokota sahani.

"Kamba iko wapi?"

"Walienda nayo."

"Nani aliifungua?"

Mama akaendelea kuokota sahani, akazipanga moja juu ya nyingine, akasema, "Mimi."

Baba mdogo aliweka sahani yake chini, kwenye udongo, ambapo mbwa angeifikia. "Asi!" alisema kwa mshtuko. "Hii ni mbui ya maleo. Na mmeikula."

Mama aliketi kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akiwa mwanamke mzee. Alisema alijua. Alijua tangu alipoiona ile kamba ya katani mkononi mwa shemeji, na tangu walipokataa viti. Lakini akina mama walikuwa wameketi, wote, macho kwenye mlango, na shemeji alikuwa anafungua mdomo aseme. "Ningefanya nini?" aliuliza. "Aseme mbele yao? Mwenyekiti asikie mwiitu ametukataa, na mimi nimewaambia miezi yote hii?" Kwa hiyo hakumpa nafasi. Alianza kumsifu Mungu kwa nguvu, akamshika mbuzi, akaifungua kamba, akamwekea shemeji mkononi, akawaaga. Wale wanaume wakatazamana. Walikuwa wametumwa waseme maneno, lakini kamba walikuwa wameshapewa, na kwa sheria ya kwetu kamba inatosha. Wakaondoka.

"Na mimi ukaniacha nikala," nilisema.

"Ulikuwa umefurahi," mama alijibu. "Sikuwa nimekuona umefurahi siku nyingi."

Nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kupiga. Nilitaka kutapika na sikuweza. Tumbo langu lilikuwa limetulia kabisa, tumbo la mtu aliyekula vizuri. Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Mama akaanza kuosha vyombo, na baada ya muda nikasikia wimbo.

Baada ya hapo sijui niseme nini kuhusu Septemba na Oktoba. Nilikuwa naamka, nakwenda sokoni, nakata vyuma, narudi. Sikwenda Mbumbuni. Nilijiambia mambo yamekwisha, yamekwisha kisheria, na kumsumbua mwanamke aliyekwisha kujitoa si heshima. Baba mdogo hakunijia tena karakanani. Mama naye alikuwa bado ana tatizo lake, kwa kuwa mgonjwa amepona na mkwe harudi, na akina mama walikuwa wanauliza. Akasema mwiitu amepata kazi huko. Hilo, kwa ajabu, lilikuwa karibu na ukweli kuliko yote aliyowahi kuwaambia.

Mwezi wa Novemba mvua ilianza, na mtu mmoja aliyekuwa akijenga vyumba vya kupangisha Salama akanipa kazi ya milango na geti. Salama, kwa asiyepajua, ni pale kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambapo malori husimama na kila mtu ana kitu cha kuuza. Nilifanya kazi asubuhi yote. Mchana niliingia kwenye kibanda cha chakula kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kilikuwa karibu. Aliyekuwa anapakua muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa yanayopikwa na maharagwe, nyuma ya meza, aproni ya kijani, kilemba, alikuwa mke wangu.

Hatukushtuka kama watu wanavyofikiri. Aliniona, akaendelea kumpakulia dereva aliyekuwa mbele yangu, kisha akanipakulia na mimi, muthokoi na mboga, akaniletea mezani. Alikuwa amenenepa kidogo. Watu walikuwa wanamwita kwa jina lake, jina lake lenyewe la kuzaliwa, na yeye alikuwa anaitika bila kugeuka. Wateja walipopungua alikuja akaketi mbele yangu, akajifuta mikono.

"Mbuzi mlikula?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Sikumficha mama na sikujificha mimi. Nilimwambia sikuwepo, nilimwambia nilikula bila kujua, nikamwambia hata zile mbavu. Alikuwa anasikiliza akitazama barabara, ambako lori lilikuwa linajaribu kugeuza na kumwaga maji ya matope kila upande.

"Kaka alinieleza," alisema. "Alisema mama yako aliimba."

"Alikaribia kuimba."

Akacheka kidogo, na mimi nikacheka, na kwa muda mfupi tulikuwa watu wawili wanaomjua mama vizuri.

"Mimi nilimwambia akukute wewe," alisema. "Nilimwambia, usiseme hiyo maneno kama yeye hayuko. Nilijua hutaki. Nilisema, huyu mtu hajawahi kukataa kitu maisha yake yote, acha nione kama hii atakataa. Nilisema ukikataa tu, ukisema rudini na mbuzi yenu, mimi kesho yake nabeba nguo narudi. Hata hizo maombi zao ningevumilia. Mradi umesema hapana mara moja."

Niliisogeza sahani pembeni.

"Niliketi hapo Mbumbuni, kwa steji, tangu mchana," aliendelea. "Mama aliniita nikule nikakataa. Nilitaka kuona kaka akishuka, nione kama mbuzi iko na yeye. Akashuka. Ameshika kamba tu."

Alinionyesha kwa mkono, namna kaka yake alivyokuwa ameishika, imekunjwa, haina kitu.

"Lakini sikujua," nilisema. "Ningejua ningekataa. Haki ya Mungu sikujua."

"Ulijua lini?"

"Jioni. Siku hiyo hiyo."

"Hiyo ni Agosti," alisema. "Saa hii ni Novemba. Kutoka Agosti ulikuwa unafanya nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Nilitaka kumwambia habari za heshima na za sheria. Nilitaka kumwambia kwamba inawezekana bado, mbuzi wa ntheo wanaweza kupelekwa upya, nitawapeleka, nitaongea na mama. Nilifungua mdomo, na neno lililokuwa limejipanga mbele ya yote lilikuwa tutaona. Nikaufunga.

Mteja akaingia. Mke wangu alisimama, akafunga aproni yake vizuri, akachukua sahani yangu. "Kula ushibe," alisema, ingawa nilikuwa nimeshamaliza. "Na usipande gari usiku, hiyo barabara ni mbaya." Yalikuwa maneno ya mke, lakini hakuwa anayasema kwa mume.

Nililala Salama, nikamaliza geti asubuhi, nikafika nyumbani mchana. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Yalikuwa machache na mazuri: mama, kuanzia leo sebule hii haina maombi. Nilikuwa nayarudia kwa midomo mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama naongea na yeye. Nilipoingia bomani mama alikuwa kwenye veranda, amevaa kitambaa chake cheupe cha ushirika.

"Afadhali umefika," alisema. "Ni Alhamisi."

Nilisimama mbele yake. Mvua ilikuwa imekatika, mahindi yalikuwa yametoka vizuri mwaka huo, mazuri mno, na sikuwa na wa kumwonyesha.

"Unataka kusema kitu?" mama aliuliza.

"Hapana."

Nikaingia ndani. Nikatoa meza, nikapanga viti kuzunguka ukuta, nikaleta mabenchi. Wakaja wote, wakanisalimia, wakaketi. Mwenyekiti akatangaza kwamba, kwa kuwa mwiitu amepata kazi na harudi tena, leo wataniombea mimi, nipate mke mwingine, na kwamba Bwana amfungue tumbo huyo anayekuja kabla hata hajafika. Nafasi ilikuwa pale katikati, mahali pake, ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiacha wazi bila kufikiri. Wakaniambia nipige magoti, nikapiga.